Zitoe CD Kwenye Boma la Mbuzi

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa kaka yangu Galgalo, huko Biliqo,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa na afya, wewe na shemeji na watoto, na Mama pia, pamoja na lile goti lake la kushoto linalotabiri mvua kuliko redio. Mbuzi wanaendeleaje? Mvua imewafikia, ama bado inazunguka huko Merti na kuwapita? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo utazisoma hapa chini.

Lakini kabla hujasoma mstari mwingine, Galgalo, nakuomba uiweke barua hii chini, uende kwenye boma la mbuzi, uzitoe zile CD saba nilizokutumia pamoja na sukari. Zote saba. Hata ile uliyosema umeifunga juu kabisa kwenye mti wa mlango. Usimtume mtu, nenda mwenyewe. Zishike kwa ukingo, usiguse upande unaong'aa, uzifunge kwenye kitambaa laini na uziweke ndani ya sanduku la Mama, mahali jua halifiki. Nyani wakija leo watupie mawe kama zamani. Ukimaliza, rudi usome.

Umerudi? Asante. Sasa kaa.

Sauti ya Abba iko ndani ya CD hizo. Ile eebba aliyomwekea mdogo wetu Talaso, dua ya kumtoa nyumbani siku ya harusi, haipo tena mahali pengine popote. Haipo kwenye simu, haipo kwenye kompyuta yangu. Niliiharibu mimi mwenyewe nikidhani naitengeneza. Tangu jana nimeshtuka hivi kwamba dukani nimempimia mteja kitambaa cha pazia mara mbili, na mara zote mbili nimekosea. Zimebaki siku kumi na mbili tu harusi ifike, na nyinyi mmemtundika Abba afukuze nyani.

Simu yako nimeipiga tangu jana jioni, haipatikani. Nimeambiwa mnara wa huko umezima tena. Ndiyo sababu naandika, na gari la Merti linaondoka kesho alfajiri na barua hii ndani yake. Mimi tajiri wangu hatanipa ruhusa mpaka wiki ijayo, na jua la Biliqo halingoji ruhusa. Fundi ameniambia jua ndilo adui mkubwa wa CD za kuchoma. Linaila ile rangi iliyoshika sauti, siku baada ya siku, mpaka inabaki plastiki tupu.

Mficha uchi hazai, kwa hivyo nitakueleza yote tangu mwanzo, hata yale ya kunitia aibu.

Unakumbuka Abba alirekodi eebba hiyo kwenye simu yangu siku tano kabla hajatuacha. Posa ya watu wa Korbesa ilikuwa imeshapokelewa, naye alijua hataifikia siku yenyewe. Akaniambia, "Simu leo ni yako, kesho ni ya mwizi. Niwekee ndani ya CD, nisikike kwa redio yangu." Unajua alivyoipenda redio ile. Tangu wajukuu waijaze uji kwenye lile tundu la flash haikubali kitu kingine ila CD, na yeye alifurahi, akasema sasa imebaki na kazi moja kama mtu mwenye akili. Baba mdogo Jarso angeweza kusimama badala yake siku ya harusi, na si aibu, wengi wamefanyiwa hivyo. Lakini Talaso ameahidiwa sauti ya babake, na ameshawaambia wakwe zake wote.

Nami mwaka mzima nilikaa na sauti hiyo bila kuisikiliza. Nilikuwa naogopa. Nilipopata kompyuta hii niliihamisha kutoka kwenye simu ikae salama. Nasema niliihamisha, sikuinakili. Nilikata huku nikabandika kule, simu ikabaki bila kitu. Wakati huo niliona ni ujanja, kupunguza mzigo kwenye simu. Tangu hapo simu hiyo nimeijaza picha za harusi za watu mpaka pomoni.

Mwezi jana ndipo nilipokaa kuichoma. Unajua mimi huwachomea akina mama wa Bulla Pesa CD za harusi wazipeleke kwa ndugu zao manyatta, kwa hivyo nilijiona mtaalamu. Nikajiambia ni kazi ya robo saa. Galgalo, kazi hiyo ilinichukua wiki mbili.

CD ya kwanza ilifika karibu na mwisho, kompyuta ikasimama, ikanguruma, ikaitema. Nikampigia fundi Mwenda, yule Mmeru mwenye kibanda karibu na stendi, aliyeniuzia mashine hii. Akaniuliza, "Uliburn na speed gani?" Nikamwambia ile ya juu kabisa, ili iishe upesi. Akacheka. "Madam Tume, hiyo mashine ni mzee. Ukimkimbiza anaanguka. Weka speed ya chini kabisa, funga kila kitu kingine, na usiguse mouse mpaka imalize." Haraka haraka haina baraka, nikajisemea, na sikujua bado maneno hayo yatanirudia.

Ya pili nikaichoma polepole. Ikamaliza vizuri. Nikaipeleka kwa Akko Darmi, bibi wa mlango wa tatu hapa katika ploti, kwa sababu ana redio ya namna ile ya Abba. Redio ikaizungusha, ikaizungusha, ikasema haioni CD. Nikarudi kwa Mwenda. Kumbe niliiandika kwa namna ya kuhifadhi faili, ambayo kompyuta inaielewa, na redio ya zamani haielewi. Kuna mahali pa kuchagua kwamba hii ni CD ya sauti. Mimi sikuchagua, kwa sababu harusi ninazochoma ni za video na mashine hujua yenyewe.

Ya tatu, stima ilizimika katikati. Jirani yetu mwenye kutengeneza mageti alikuwa amewasha mashine yake, taa zikafifia, kompyuta ikalala. Ya nne ikawa inarukaruka kama mtoto mwenye kwikwi. Mwenda akafungua kile chombo cha kuchomea, akanionyesha vumbi la Isiolo lilivyojaa juu ya kijicho chake cha kioo. Akalitoa kwa pamba kidogo, akaniambia pia niache kununua CD za rundo zisizo na jina, ninunue zile za kwenye kasha.

Nikafanya yote. Nikapanga na jirani wa mageti anipe nusu saa ya utulivu, akanipa. Nikaichoma ya tano. Mashine yenyewe ikaikagua na kusema iko sawa. Redio ya Akko, niliyokuwa nimeiazima, ikaikubali, sauti ya Abba ikatoka humo, na mimi nikakaa sakafuni nikalia. Lakini ilipofika kama nusu dakika, ikanyamaza. Nikatazama redio, namba za dakika zinaendelea kusogea, sauti hakuna. Kisha Abba akarudi. Akasema maneno machache, ikanyamaza tena. Nikaizima. Nilisema kumbe bado inaruka.

Nikachoma ya sita. Vilevile. Ya saba, vilevile, mahali palepale. Sikuwa nasikiliza maneno, Galgalo, na hili ndilo kosa langu. Nilikuwa nasikiliza mashine. Fundi akikaa na gari hasikii abiria wanazungumza nini, anasikia injini. Kila ikinyamaza kidole changu kilikwenda kwenye kitufe. Sikuwahi kuisikia mpaka mwisho hata mara moja.

Basi nikazitia alama ya X zote saba kwa kalamu nyeusi, nikazitupa kwenye mfuko wa CD mbovu. Na mfuko wa CD mbovu unajua unakwenda wapi. Uliniambia mwenyewe kwamba tangu uzitundike kwenye miiba ya boma, zikipigwa na jua nyani wa mtoni hawathubutu kusogelea watoto wa mbuzi. Ukasema wamehama. Ulijisifu hivi kwamba nikaona nikutumie nyingine haraka. Nikazitia ndani ya gunia la sukari na majani ya chai, zikaja.

Kisha nikaibeba kompyuta yenyewe mpaka kwa Mwenda. Nikamwambia nimefanya kila kitu na bado sauti inakatika. Akaifungua ile rekodi ya asili, ikatokea kama mistari ya milima kwenye kioo. Akanionyesha.

"Madam, shida haiko kwa CD. CD zako zilikuwa poa. Shida iko kwa recording yenyewe. Ona hapa mzee anaongea. Hapa ananyamaza. Hapa anaongea, hapa tena kimya. Labda simu ilikuwa inashika vibaya."

"Sasa tutafanya nini?"

"Kuna kitu hapa inatafuta mahali sauti iko chini, inatoa yote mara moja. Mzee ataongea bila kukwama. Nitoe?"

Nikamwambia atoe. Alinitazama kwanza, nikamwambia tena, toa. Akabonyeza. Dakika kumi na moja zikawa sita. Akauliza, "Nisave juu ya hii ama nifanye mpya?" Nami nikasema juu ya hii hii, ya nini kuweka mbovu. Mwenda hana kosa. Hajui Kiborana hata neno moja. Mimi ndiye ninayejua.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jana mchana nikaichoma ile mpya, ikatoka safi, na nikaona fahari. Nikamwita Akko Darmi aje aisikie. Yeye alimjua Abba tangu ujana wao huko Biliqo, kabla hajaolewa huku mjini. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaacha, akanawa mikono, akavuta shela kichwani, akaketi kwenye mkeka akafungua viganja. Nikabonyeza.

Abba akaanza. Akasema, mwanangu, Mungu akupe nyumba yenye maziwa. Akko akafungua mdomo kuitikia, na kabla hajamaliza amin yake Abba ameshasema linalofuata, mlango wako usikose mgeni. Akko akajaribu tena. Abba akamkanyagia tena. Akajaribu mara ya tatu, kwa haraka, kama mtu anayerukia gari linaloondoka. Kisha nikamwona anafunga viganja vyake polepole, anaviweka juu ya magoti.

"Zima hiyo kitu," akasema.

Nikazima. Nikamwuliza kama CD inaruka.

"Sauti ni yake," akasema. "Lakini huyu si yeye. Baba yako akiomba dua alikuwa anangoja watu. Huyu hangoji mtu. Nani anamfukuza?"

Galgalo, ndipo nilipoelewa. Nilisimama pale na kitufe cha redio chini ya kidole changu, na maisha yangu yote yakapita mbele yangu, kila harusi na kila siku ya kumpa mtoto jina, Abba amesimama na fimbo yake, anasema neno, ananyamaza, na sisi sote, wakubwa na watoto na wageni, tunajaza pale mahali kwa amin, ndipo yeye anaendelea. Tangu utoto wetu sijawahi kuisikia eebba ambayo haina pengo. Na bado nilipoliona pengo niliita fundi.

Akko hakuwa amemaliza. Akaniambia nirudishe mwanzo, akasikiliza dakika zote sita bila kuitikia, macho ameyafumba. Ikaisha. Akauliza, "Na mtoto ameitwa nani?"

"Talaso."

"Najua ni Talaso. Nauliza huyu amemwita nani. Sijasikia jina."

Tukairudia mara nne. Jina halimo. Nakumbuka siku ile alipofika kwenye jina pumzi ilimwishia, akalitamka kwa kunong'ona, polepole sana, mara mbili. Ile programu ilikuwa inatafuta mahali sauti iko chini. Ililikuta jina la Talaso liko chini, ikalitoa pamoja na kimya.

Nilikwenda kwa Mwenda nikikimbia, na unajua mimi sikimbii. Alikuwa anakula. Nilipomweleza aliacha chakula. Akasema, "Hata wazee wetu kule Tigania wakibariki, watu wanaitikia. Kwani mimi nilikuwa nafikiria nini?" Alikaa na mashine yangu mpaka jioni. Akajaribu programu za kufufua faili, akaifungua mpaka ile simu yangu. Hakuna. Picha za harusi za watu zimekaa juu ya kila kitu. Akaniambia anaweza kunitilia kimya kipya kati ya sentensi. Nikamwuliza, kimya cha nani? Kimya cha kompyuta hakina kengele ya mbuzi nje, hakina Abba anayevuta pumzi. Na jina bado halimo.

Ndipo akaniuliza, "Na zile CD ulizoharibu, uliziweka wapi?"

Nikaanza kucheka, Galgalo. Nilicheka mpaka watu wa stendi wakageuka, kisha kicheko hicho kikageuka kilio. Nikamwambia ziko Biliqo, zinafukuza nyani.

Yeye hakucheka. Akatoa karatasi akaniandikia la kufanya, nami nakuandikia hapa, ulifuate kama ulivyo na usiongeze ujuzi wako.

Kati ya saba hizo, tatu zina Abba mzima wa kusikika kwenye redio. Zigeuze upande unaong'aa, uziinamishe kwenye mwanga wa kivulini. Ile inayofaa utaona karibu na tundu la katikati kuna mviringo wa rangi iliyokolea kidogo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Ile yenye mstari mwembamba kama uzi ni ya pili, ambayo redio haitaisoma, lakini usiitupe, kompyuta inaweza kuisoma. Zilizobaki weka tu, usijifanye jaji.

Kama zina vumbi, lowesha kitambaa laini kwa maji safi na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Usizungushe. Na mwambie Mama, kwa heshima zote, asizisugue kwa majivu. Namjua. Akiona kitu kimechafuka mkono wake unakwenda jikoni wenyewe.

Najua pia kwamba wewe hukuzifunga kwa lile tundu la katikati kama mtu yeyote angefanya. Umezitoboa ukingoni kwa waya wa moto, kwa sababu ulisema zikining'inia upande zinacheza vizuri na upepo. Nilipomwambia Mwenda hayo niliona aibu kwa ajili yako. Lakini sikia jambo hili, ndilo lililonifanya nilale jana. CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Abba alisema dakika kumi na moja tu, kwa hivyo amekaa pale ndani karibu na tundu, na waya wako umetoboa mahali ambapo hakuna kitu. Kama jua halijamfikia na miiba haijamkwaruza, yumo. Kwa mara ya kwanza nashukuru kwamba mzee wetu hakuwa mtu wa maneno mengi.

Ukipata moja yenye ule mviringo, iweke kwenye redio yake, mara moja tu, usikilize mpaka mwisho. Sikiliza jina. Kisha itoe, uifunge, uiweke. Nyingine zote mpe dereva huyuhuyu wa Merti akirudi, azilete zikiwa zimefungwa ndani ya nguo, si chini ya magunia. Mwenda atanakili kila kinachosomeka, mara kumi kama ni lazima, na safari hii sitahamisha kitu, nitanakili. Talaso usimwambie mpaka uwe umesikia mwenyewe. Mama mwambie leo. Yeye ana haki ya kujua, na pia ndiye mwenye sanduku.

Sasa kuna jambo la mwisho, ambalo sijamwambia Akko Darmi wala Mwenda. Nakwambia wewe kwa sababu ni mkubwa wangu.

Siku ile aliporekodi, ni mimi peke yangu niliyekuwa ndani. Wewe ulikuwa kisimani na mifugo, Mama na Talaso walikuwa nje wanakamua. Akaniambia lete simu. Nikaishika karibu na mdomo wake. Akasema neno la kwanza, Mungu akupe nyumba yenye maziwa, akanyamaza, akanitazama. Nilidhani amechoka. Nikamwonyesha kwa mkono aendelee. Akaendelea, akanyamaza tena, akanitazama tena. Hivyo mara tisa. Na kila mara nilibana midomo yangu na kushika pumzi, kwa sababu nilitaka rekodi iwe safi, sauti yake peke yake, isichafuliwe na yangu.

Alikuwa ananingoja mimi, Galgalo. Eebba haitolewi kwa ukuta. Mtu alikuwa anabariki na palikuwa na mtu mmoja tu wa kuitikia, na huyo alikuwa ameshika simu. Tangu jana nafikiria yale macho. Hakunikemea. Aliningoja, alipoona sisemi akaendelea mwenyewe, akaacha nafasi nyingine, labda hiyo nitaijaza. Mara ya tisa alikuwa bado anaiacha.

Kwa hiyo siku ya harusi, CD ikianza na ikafika mahali pakanyamaza, mtu yeyote asiiguse redio. Watoto wakisema imekwama, wanyamazisheni. Haijakwama. Waambie watu wote wa boma, na wageni wa Korbesa, kwamba pale ni pao, waitikie kwa sauti. Mimi nitakuwa nimefika, inshallah, na nitakaa karibu kabisa na redio.

Msalimie Mama, umshike mkono kwanza kabla ya kumsomea. Msalimie shemeji yangu mkeo, na umwambie vitambaa vyake vya harusi nakuja navyo. Msalimie baba mdogo Jarso, akae tayari na fimbo ya Abba hata hivyo, kwa sababu sauti haiwezi kushika fimbo. Mbusu Talaso bila kumwambia kwa nini. Akko Darmi anawasalimu nyote, na fundi Mwenda anamwomba Mama msamaha, ijapokuwa nimemwambia hana kosa.

Ni mimi dada yako,
Tume, mwenye amin tisa ambazo hazijasemwa